Mahali Pasipotazamwa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Sehemu Zilizosahaulika na Kufukua Historia Zake

Katika mtaa wa Leinster Gardens, London, nyumba namba 23 na 24 zina nguzo, roshani na milango kama nyumba za jirani. Ila milango hiyo haina tundu la kupitishia barua, na madirisha yamepakwa rangi badala ya kuwekewa vioo. Nyuma ya ukuta hakuna chumba hata kimoja. Kuna shimo lililo wazi, na chini yake reli. Njia hiyo ya treni ilipochimbwa katika miaka ya 1860, injini zilikuwa za mvuke na zilihitaji mahali pa kutolea moshi. Nyumba mbili zikabomolewa, kisha ukajengwa uso wa bandia ili mtaa wa matajiri usionekane una pengo.

Nyumba hizo haziko msituni wala jangwani. Watu hupita mbele yake kila siku, na anayezigundua ni yule anayejiuliza mbona hakuna tundu la barua. Mwongozo huu ni wa kujizoeza kuuliza maswali ya namna hiyo na kuyafuatilia mpaka yapate majibu yenye ushahidi. Orodha za "maeneo kumi ya ajabu duniani" hazitakufikisha mbali: zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, na mahali palipoingia humo hapajasahaulika tena.

## Elewa kwanza mahali husahaulikaje

Kabla ya kufungua ramani yoyote, jiulize kwa nini mahali fulani pasahauliwe. Sababu ya kusahaulika ndiyo inayokuonyesha nyaraka ziko wapi, na kwenye nyaraka ndipo wengi hukwama.

Kuna palipoachwa kwa kuwa mitambo ilibadilika. Kituo cha City Hall cha treni za chini ya ardhi, New York, kilifunguliwa mwaka 1904 kikiwa fahari ya jiji, kina matao ya vigae na taa za kuning'inia. Mwaka 1945 kilifungwa: jukwaa lake lilikuwa limepinda, na mabehewa mapya yenye milango katikati yaliacha pengo la hatari kati ya mlango na jukwaa. Mpaka leo treni za njia namba 6 hugeuzia hapo. Historia ya mahali pa aina hii hukaa kwenye michoro ya wahandisi, ripoti za makampuni na magazeti ya siku ya ufunguzi.

Kuna palipofichwa makusudi. Kongwa, katikati ya Tanzania, ilikuwa makao ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Mwaka 1964 eneo hilohilo likawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walifundisha askari wao hapo. Kambi ya namna hiyo haiwekewi kibao barabarani. Atakayetaka kuiandika Kongwa yote atafute karatasi za karanga London, na za ANC kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Mahali ni pamoja, karatasi zimetawanyika mabara mawili.

Kuna panapoonewa aibu. Watalii wanaofika Lüderitz, Namibia, humiminika Kolmanskop, mji wa almasi uliovamiwa na mchanga hadi vyumbani. Wachache hujua kwamba rasi ya Shark Island, ambako kumekuwa na uwanja wa kupigia mahema, ilikuwa kati ya mwaka 1905 na 1907 kambi ya mateso ambamo Wajerumani waliwafungia Waherero na Wanama, wakafa kwa wingi kwa baridi, njaa na kazi za shokoa. Mahali kama hapa nyaraka nyingi ziliandikwa na wafungaji. Upande wa pili umo kwenye kumbukumbu za vizazi vya waliofungwa, nao ni ushahidi kamili, usiugeuze pambo la kukolezea maandishi.

Na kuna palipoachwa na wenyewe. Tengeru, karibu na Arusha, kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa mashariki mwa Polandi na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati; walipoachiwa, sehemu yao walipitia Iran na kuletwa Afrika, na Tengeru ilipokea takriban 5,000. Vita vilipokwisha wengi waliondoka, wakaenda na barua zao na picha zao. Kwa hiyo historia ya Tengeru huitafuti Tengeru peke yake, ifuate ilikohamia.

## Hatua ya kwanza: tafuta kisichokaa sawa

Chagua eneo dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja, kisha lizunguke polepole ukiwa na daftari. Usitafute uzuri wala maajabu. Tafuta kitu ambacho hakiendani na vilivyokizunguka: ukuta mnene kuliko kazi yake, njia pana inayoishia pasipo na kitu, mstari wa miti mikubwa katikati ya uwanja, ngazi zisizopanda popote, nyumba moja iliyokaa mshazari wakati zote zimenyooka na barabara. Nyumba iliyokaa mshazari mara nyingi ni ya zamani kuliko barabara yenyewe, au imefuata njia iliyofutika.

Vitu vidogo husema zaidi ya majengo makubwa. Kusini mwa London kuna mitaa ya nyumba za kupanga iliyozungushiwa uzio wa mabomba ya chuma yenye wavu katikati. Tazama ncha za mabomba hayo utaona yamekunjwa kidogo, kama miguu mifupi. Yalikuwa machela. Yalitengenezwa kwa maelfu kubebea majeruhi wa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Uzio wa awali ulikuwa umeng'olewa kwa ajili ya chuma cha vita, na vita vilipokwisha machela yakachomelewa wima mahali pake. Mkunjo ule ulikuwa wa kuyainua kutoka sakafuni.

Sikiliza pia. Mto Fleet, uliozipa Fleet Street jina, umezikwa chini ya London, lakini ukisimama juu ya wavu fulani wa chuma huko Ray Street utasikia maji yakienda kasi chini yako. Mwenzake, Westbourne, hupita ndani ya bomba kubwa la chuma juu ya vichwa vya abiria kwenye kituo cha Sloane Square, na abiria hudhani ni bomba la majitaka. Barabara inayojipinda bila sababu bondeni, unyevunyevu wa kudumu upande mmoja wa mtaa, jina la daraja pasipo na mto: hizi ni dalili za maji yaliyofukiwa.

Rudi mahali hapo katika majira mengine. Kiangazi kikali huonyesha kinachofichwa na majani, kwa sababu mimea iliyo juu ya mtaro uliofukiwa hubaki kijani muda mrefu zaidi, na iliyo juu ya msingi wa mawe hukauka mapema. Julai 2018, wakati wa ukame nchini Ayalandi, droni zilipiga picha za duara kubwa la kale karibu na kaburi la kale la Newgrange, mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa sana nchini humo. Duara lilikuwa limejificha chini ya shamba la kawaida.

Angalizo moja. Ishara ikishakuwa maarufu, watu huiona hata isipokuwepo. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, na wengi waliziba madirisha kuikwepa. Lakini wajenzi wengine waliweka madirisha ya bandia tangu mwanzo ili ukuta ulingane pande zote. Dirisha lililozibwa linakupa swali, na jibu uendelee kulitafuta.

## Hatua ya pili: rudisha ramani nyuma

Hapa ndipo kazi inapokolea, na kama una muda mchache, uweke wote hapa.

Njia yenyewe ni rahisi. Anza na ramani ya leo, kisha shuka nyuma hatua kwa hatua: ya miaka ishirini iliyopita, ya hamsini, ya mia. Usiruke moja kwa moja kwenda kwenye ile ya kale kabisa kwa sababu ina michoro mizuri; utapotea, maana hutakuwa na chochote cha kuegemea. Kwenye kila ramani tafuta pointi tatu ambazo hazijahama, kwa mfano nyumba ya ibada, njia panda ya zamani na kilele cha mlima. Zilinganishe na ramani ya leo kwenye programu ya bure ya ramani kama QGIS, ambayo itainyoosha ya zamani ikae juu ya mpya. Pointi tatu ndicho kiwango cha chini. Ukipata sita au zaidi zilizotawanyika, kosa litapungua na utaona lilipo.

Kisha andika kila badiliko na muda wake: jengo lipo mwaka huu, halipo kwenye ramani inayofuata. Hapo umeshapata kipindi cha kutafuta magazetini, na umejiokolea wiki nzima ya kupekua.

Ramani za kuanzia zipo bure mtandaoni. Maktaba ya Taifa ya Uskoti ina ramani nyingi za Uingereza unazoweza kuzitazama ubavuni mwa picha za setilaiti za leo. Mkusanyiko wa David Rumsey una ramani za dunia nzima. Kwa Marekani, tafuta ramani za kampuni ya Sanborn, iliyoanza mwaka 1867 kuchora miji kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto. Mchoraji wa bima alitaka kujua nini kitaungua, kwa hiyo nyumba ya matofali ilipakwa waridi, ya mbao njano, na mara nyingi aliandika ndani kulifanywa kazi gani. Sijui nyaraka nyingine inayomjali fundi wa uani kwa kiasi hicho.

Kwa sehemu ambazo hazikuchorwa vizuri, tumia picha za angani. Setilaiti za kijasusi za Marekani za mpango wa Corona zilipiga picha kuanzia mwaka 1960 hadi 1972, na mwaka 1995 zaidi ya picha 800,000 zikaachiwa umma. USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, ndiyo inayozitoa. Zilikuwa zikitafuta makombora, zikanasa pia vijiji, mashamba na mito kabla ya mabwawa na upanuzi wa miji. Na programu ya Google Earth ina kitufe cha picha za miaka ya nyuma ambacho watu wengi hawajawahi kukibonyeza.

Ramani inaweza kukuonyesha kitu ambacho kila mtu aliamua kutokiona. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilipokuwa ikijenga jengo la ofisi Manhattan, mifupa ya watu ilitokea ardhini. Ramani ya miaka ya 1750 ilikuwa imeonyesha waziwazi kwamba hapo palikuwa makaburi ya Waafrika, watumwa na huru. Wapangaji wa mradi waliijua ramani hiyo, ila walidhani misingi ya majengo ya baadaye ilishaharibu kila kitu. Haikuwa hivyo: kifusi kilichomwagwa kusawazisha bonde kilikuwa kimeyafunika makaburi na kuyahifadhi. Mabaki ya watu 419 yalitolewa, yakachunguzwa na kuzikwa upya mwaka 2003, na mwaka 2006 mahali hapo pakawa eneo la ukumbusho wa taifa. Inakadiriwa waliozikwa eneo lote walifika 15,000. Kwa hiyo ukisoma "hakuna kilichobaki", uliza nani alichimba akahakikisha.

Inaweza pia kukudanganya. Mfalme Richard III wa Uingereza alizikwa mwaka 1485 katika kanisa la watawa wa Greyfriars, Leicester. Baadaye kanisa lilibomolewa. Mapema karne ya 17 mchora ramani John Speed aliandika kwamba, kwa masimulizi ya watu, mwili ulitolewa mjini na kutupwa chini ya daraja la mtoni, na kwenye ramani yake ya mji jina la Greyfriars liliandikwa palipokuwa na watawa wengine, Blackfriars. Yaelekea alitafuta kaburi pasipo penyewe, akalikosa, na hadithi ya mto ikaaminiwa kwa karne nne. Waliorudia ramani za baadaye na kuzilinganisha na mpangilio wa viwanja walifika kwenye maegesho ya magari. Uchimbaji ulianza Agosti 2012 na mifupa ya miguu ikaonekana siku ileile ya kwanza.

## Hatua ya tatu: nyaraka, na maswali matatu

Ukiwa na mahali na kipindi, nenda kwenye karatasi. Anza na zile zilizoandikwa kwa ajili ya fedha: hati za viwanja, daftari za kodi, wosia, kesi za madai, orodha za fidia. Mtu anayeandika kumbukumbu zake hujipamba. Anayedaiwa kodi ya ukuta huutaja ukuta ulivyo. Magazeti yaje baadaye. Ni matamu lakini yanapotosha, hasa yanapowazungumzia maskini.

Mfano mzuri ni Seneca Village, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1825 na Wamarekani Weusi walionunua viwanja vyao wenyewe, mahali ambapo sasa ni Central Park, New York. Magazeti ya wakati wa kubomoa yaliwaita wakazi wa eneo hilo wavamizi na vibanda vyao uchafu. Daftari za sensa, za makanisa na za fidia zinaonyesha picha tofauti: wamiliki wa ardhi, nyumba zilizojengwa vizuri, makanisa matatu, shule. Kijiji kiliondolewa mwaka 1857. Anayesoma magazeti peke yake ataandika mpaka leo kwamba bustani ilijengwa juu ya pori.

Ukienda kwenye hifadhi ya nyaraka, andika kwanza kwa mtunza nyaraka na umpe mambo matatu: mahali, miaka, na unachotafuta kwa sentensi moja. "Nataka historia ya mtaa" hakumsaidii. "Natafuta mmiliki wa kiwanja hiki kati ya mwaka 1890 na 1910" kunamwinua kitini. Chukua namba ya jalada kwa kila ukurasa unaopiga picha, na picha ya kwanza ya kila fungu iwe ya jalada lenyewe likiwa na namba yake. Usipofanya hivyo utakuwa na mamia ya picha za karatasi zisizojulikana zimetoka wapi, na hutaweza kuzitumia kama ushahidi.

Na kila nyaraka iulize: nani alilipa? Nani alifanya kazi? Nani aliondolewa? Swali la pili ndilo linalofungua milango mingi zaidi, kwa sababu vibao vya ukumbusho karibu vyote huwekwa na wale waliolipa.

Chukua mifupa ya dinosaria iliyo Berlin, mmoja ukiwa na urefu wa kwenda juu unaozidi mita 13. Ilitoka Tendaguru, kilima kilicho kaskazini magharibi mwa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kwenye jumba la makumbusho kwa miaka mingi majina yaliyosikika yalikuwa ya maprofesa. Lakini zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilitoka kilimani hadi bandarini Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, safari ya siku kadhaa, na msimamizi mkuu wa kazi uwanjani alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake limo kwenye ripoti. Halikufichwa, halikutafutwa tu. Mwaka 2007 mwanasayansi mmoja alimpa dinosaria jina la bohetii kwa heshima yake. Kolmanskop nako ni vivyo hivyo: almasi ya kwanza iliokotwa mwaka 1908 na Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, akampa bosi wake August Stauch. Stauch akatajirika.

## Hatua ya nne: waulize wanaokaa hapo

Masimulizi ya mdomo yana adui wawili: anayeyadharau na anayeyaamini yote.

Meli za nahodha Mwingereza John Franklin, Erebus na Terror, zilipotea kwenye barafu ya kaskazini mwa Kanada baada ya kuondoka Uingereza mwaka 1845. Mwaka 1854 msafiri John Rae alirudi na maelezo ya Wainuiti, wenyeji wa huko: mabaharia walikufa kwa njaa na wengine walikula maiti za wenzao. Mwandishi wa riwaya Charles Dickens alijibu kwa maandishi ya kuwatukana Wainuiti, kwamba maneno ya washenzi hayaaminiki. Zaidi ya karne moja baadaye mifupa ya mabaharia ilikutwa na alama za visu. Erebus ilipatikana mwaka 2014 katika eneo ambalo simulizi za Wainuiti zilikuwa zikilielekeza tangu zamani, na Terror ikapatikana mwaka 2016 baada ya Sammy Kogvik, Mwinuiti, kueleza kwamba miaka kadhaa nyuma aliona mlingoti umechomoza kwenye barafu.

Unapomhoji mzee, uliza kuhusu vitu na kazi kabla ya matukio. "Maji mlikuwa mnachota wapi?" huleta ramani nzima ya mahali; "tuambie historia ya hapa" huleta hotuba. Usimpe jibu ndani ya swali. Mwulize alijuaje: aliona, au alisimuliwa, na nani? Omba ruhusa kabla ya kurekodi, mweleze sauti yake itakwenda wapi, na asiyetaka jina lake litajwe lisitajwe. Ukiweza, wahoji watu wasio wa ukoo mmoja, kwa kuwa ndugu watatu wanaokubaliana huenda wote walisikia kwa babu mmoja.

Wakikwambia mahali fulani hapaingiliki kwa sababu za kimila, hapo safari imeishia. Andika kwamba hukuingia.

## Hatua ya tano: kwenda, na kurudi mzima

Ruhusa kwanza. Jengo lililoachwa lina mwenyewe, hata kama mwenyewe ni benki ya mji mwingine. Ombi fupi la maandishi hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ukikataliwa bado unaweza kupiga picha ukiwa nje.

Usiende peke yako. Mtu aliyebaki nyumbani ajue uendako na saa ya kurudi. Buti zenye soli ngumu, taa mbili, glovu, kofia ngumu. Kwenye jengo la zamani kanyaga pale penye boriti, na usiguse dari au mabomba yaliyofunikwa kwa nyuzinyuzi za kijivu: huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Visima na migodi ya zamani usishuke kabisa. Hewa isiyo na oksijeni haina harufu, na wanaokufa mara nyingi ni wawili: aliyeshuka na aliyemfuata kumwokoa.

Mapango yenye popo yanahitaji aya yake. Pango la Kitum, Mlima Elgon upande wa Kenya, ni maarufu kwa tembo wanaoingia gizani kukwangua chumvi. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliolizuru walikufa kwa virusi vya Marburg. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa huohuo baada ya kuingia pango la Python, magharibi mwa Uganda, lenye maelfu ya popo wala matunda. Kinyesi cha popo pia hubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Pango lenye popo litazame ukiwa mlangoni.

Ukifika, piga picha za aina tatu: ya mbali inayoonyesha mahali katika mazingira yake, ya kati, na ya karibu ikiwa na rula kando ya kitu. Andika umesimama wapi na umeelekea upande gani. Usibebe chochote. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari aliyekuwa visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu tisa mchangani. Tano zilikuwa za Kilwa, zilizovuka bahari nzima ya Hindi. Zilikaa kwenye kopo hadi mwaka 1979 alipozipeleka kutambuliwa. Bahati nzuri aliweka alama kwenye ramani. Lakini zilivyolala mchangani, karibu na nini, kina gani, hakuna awezaye kusema tena, na wataalamu bado wanabishana zilifikaje huko.

## Hatua ya sita: pima hadithi

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Katika kazi hii lipo kweli, ila mara nyingi lipo mahali pengine na si pale linaposemwa. Mapango "yanayotokea baharini", handaki kutoka ngomeni hadi msikitini au kanisani, hazina ya Wajerumani chini ya mbuyu: ukikuta hadithi inayosimuliwa vilevile mahali kumi, ichukulie kuwa msafiri, kisha uliza ilifika kwako lini.

Mnara wa mawe wa Newport, jimbo la Rhode Island, Marekani, umewahi kupewa Waviking, Wachina na wengineo. Wosia wa gavana Benedict Arnold wa mwaka 1677 unautaja kama kinu chake cha upepo kilichojengwa kwa mawe, na vipimo vya chokaa yake vilivyotolewa mwaka 1993 vikaonyesha karne hiyohiyo ya 17. Karatasi na chokaa zikikubaliana, Waviking wapumzike.

Ukimya nao upime kwa uangalifu. Gede, mji wa mawe ulio karibu na Malindi, una msikiti mkubwa, jumba la kifalme, visima, na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wareno walikaa Malindi, umbali wa kilomita kama 15, na hawakuutaja kwenye maandishi yao. Mtu angeweza kusema haukuwepo. Uchimbaji wa James Kirkman ulioanza mwaka 1948 ulitoa vyombo vya Kichina na shanga za mbali. Mwandishi kutokuandika hueleza kwanza alichokijali mwandishi.

Katika maandishi yako weka wazi daraja la kila dai: limethibitishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana, lina chanzo kimoja, au ni simulizi tu. Maneno "inasemekana" yasiyo na msemaji yafute yote.

## Hatua ya saba: chapisha, lakini si kila kitu

Mti mrefu kuliko yote unaojulikana duniani, Hyperion, uko California, una zaidi ya mita 115. Ulipopimwa mwaka 2006 mahali pake hapakutangazwa. Watu wakapavumbua, wakapachapisha mtandaoni, na wageni wakakanyaga mizizi hadi mimea ya chini ikafa. Mwaka 2022 hifadhi ililifunga eneo hilo, faini ikiwa hadi dola 5,000 na kifungo hadi miezi sita.

Kwa hiyo amua mapema nini kinabaki kwako. Makaburi yasiyo na mlinzi, michoro ya miambani, mabaki ya meli na sehemu zenye vitu vinavyouzika vitajwe kwa wilaya tu. Simu nyingi huandika nukta za GPS ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo zifute kabla ya kuipandisha mtandaoni, na angalia nyuma ya picha kusiwe na mlima au mnara unaotaja mahali bila wewe kutaka. Umekuta kitu cha kale ambacho hakijasajiliwa? Taarifa iende kwanza kwa mamlaka ya mambo ya kale ya nchi hiyo, ikiwa na picha, vipimo na nukta kamili.

Nakala ya kazi yako, pamoja na rekodi za sauti ulizoruhusiwa kuzitoa, ipeleke kwenye maktaba au hifadhi ya nyaraka ya eneo husika. Majalada uyape majina yanayosomeka: mwaka, mahali, yaliyomo. Na waliokusimulia wapelekee nakala yao kabla ya kuchapisha, maana wao ndio watakaoona jina la kisima limekosewa.